Tulisema Tuko Matanga



Jumapili mbili zilizopita mchungaji alitufungulia Kumbukumbu la Torati mlango wa 14, pale penye habari za fungu la kumi. Wengi wetu tukisikia hilo neno tunashika pochi, maana tunajua kinachokuja. Lakini siku hiyo alisoma akapitiliza mpaka mstari wa 26, na kanisa likanyamaza. Pale Musa anawaambia watu kwamba kama njia ni ndefu, mtu auze mavuno yake, abebe pesa, asafiri na watu wa nyumba yake mpaka mahali alipochagua Bwana, na akifika huko anunue kile moyo wake unachokipenda, wale, wafurahi wote. Mzee mmoja safu ya mbele niliona akifunua jalada la Biblia yake, nafikiri alitaka kuhakikisha ni ile ile anayokuja nayo kila wiki.

Mimi niliinamisha kichwa, na si kwa sababu ya maombi. Nilikumbuka mwezi wa nane mwaka jana. Baada ya ibada nikamwendea mchungaji nikamwomba nafasi katika karatasi hii, akanipa, akasema niandike yote ama nisiandike kabisa.

Kwa wasionijua, mimi ni mwekahazina wa kamati ya ujenzi. Ni mimi husimama mlangoni na daftari, na ni mimi huwapigia simu mwezi ukienda kuisha. Mwaka jana mimi na mume wangu tuliahidi elfu 70 kwa mabati ya jengo jipya. Tulisimama mbele yenu, tukataja kiasi, mkapiga makofi. Hizo pesa zilikuwa zetu, hazikuwa zimeingia kwa daftari la kanisa, na nasema hivyo mapema ili mtu yeyote asifikiri nilitia mkono kwa sanduku. Lakini tulikuwa tumeshazitamka. Tuliziweka kidogo kidogo miezi kumi na moja, na zilikuwa zimetimia Jumapili ya ahadi ikiwa imebaki siku chache tu.

Jumanne ya wiki hiyo nilimpeleka mama yangu kwa daktari wa macho. Mama ana miaka 72, analima viazi na kabichi kule Kinangop, na hajawahi kulalamika juu ya mwili wake mpaka mtu amlazimishe. Safari hii alikuwa akisema tu kwamba anagonga milango kwa bega, na kwamba siku hizi kuku wanamtokea ghafla kutoka ubavuni. Daktari alipima, akapima tena, akasema ni presha ya macho, ile wanaita glakoma. Huu ugonjwa hula macho kutoka pembeni ukielekea katikati, pole pole, bila uchungu wowote, na kile kimepotea hakirudi. Dawa ya matone husaidia kile kimebaki kisiishe haraka. Jicho la kushoto lilikuwa limeenda sana. Nikauliza ni miaka mingapi. Daktari akasema hawezi kutuahidi.

Mama hakulia. Kwa matatu ya kurudi Naivasha aliuliza kama ng'ombe amekamuliwa, akanyamaza kama dakika kumi, halafu akasema, "Na ile bahari ya kalenda sijaiona."

Hiyo kalenda ni ya mwaka wa 1994. Baba aliipata bure kwa duka la mbegu. Ina picha ya ufuo wa mchanga mweupe, jahazi moja lenye tanga, na chini imeandikwa neno Lamu. Mwaka uliisha, mama akakata zile karatasi za miezi, picha akaiacha ukutani. Baba alikuwa akisema, mavuno haya tukiuza vizuri nitakupeleka. Kukaja mabati ya nyumba. Kukaja karo yangu, karo ya wadogo zangu, ng'ombe akafa tukanunua mwingine, kukaja harusi yangu. Kila kitu kilikuwa cha maana, hakuna hata kimoja cha upuuzi. Baba alituacha mwaka wa 2021, na picha bado iko pale, imegeuka rangi ikawa kama chai.

Usiku nikamwambia mume wangu, twende kesho.

"Kesho wapi?"

"Lamu. Na watoto, shule zimefungwa. Na mama."

Alitazama kabati, pale bahasha ilikuwa. "Mama watoto, hizo pesa tulishazitamka."

"Najua."

"Si tungoje Disemba? Tuweke zingine."

Nikamwambia hiyo sauti ninaijua, nimeisikia tangu nikiwa darasa la tatu. Nilisema kwa ukali kuliko nilivyotaka. Akatoka nje, akakaa huko muda, akarudi akasema kama ni kwenda basi twende huko huko kwa picha, tusimpeleke tu kando ya barabara Mombasa akaona maji tukageuza gari.

Wapendwa, ndivyo tulivyoondoka. Hatukuomba, sitawadanganya. Asubuhi nilipigia treni, nikaambiwa imejaa mpaka wiki ijayo, kwa hivyo Jumatano jioni tukapanda basi la usiku Nairobi, watu sita na mfuko wa viazi, maana mama alikataa kwenda kwa watu mikono mitupu. Saa sita za usiku basi likasimama Mtito Andei. Mume wangu alininunulia chai, tukasimama kando ya basi kwa ile joto ambayo sisi wa huku juu hatuijui, na akaniuliza swali moja tu.

"Sasa hapa tunamwibia nani?"

Sikuwa na jibu. Nimekaa na hilo swali karibu mwaka mzima, na ndilo limenileta hapa.

Lakini acha kwanza nimalize, maana kuna kibaya zaidi ya hicho. Mombasa tulifika alfajiri, tukapanda basi lingine, Kilifi, Malindi, Garsen, Witu. Njiani kuna vizuizi vya polisi, watu wanashuka na vitambulisho wanapanga foleni, na mama alimwambia askari kwa Kiswahili chake cha Kinangop kwamba yeye anaenda kuona maji tu, atarudi. Alasiri tukafika Mokowe, mahali barabara inaishia baharini, na unaingia boti kuvuka. Mguu wangu mmoja ulikuwa kwa ngazi ya gati simu ikalia. Ni dada katibu wa kamati. Anauliza mbona sijaleta orodha ya ahadi, Jumapili imefika.

Nikasema, "Dada, tuko matanga."

Sijui hayo maneno yalitoka wapi. Yalitoka laini, kama yalikuwa yamekaa mdomoni yakingoja. Akasema pole sana, ni nani? Nikasema ni jamaa wa upande wa mama. Akaomba nami pale pale kwa simu, Bwana awatie nguvu. Nikasema amina. Boti lilipofika katikati ya mkondo simu ikatoa mlio. Ilikuwa M-Pesa. Dada alikuwa ametuma shilingi 1,000 za rambirambi, mtu ambaye najua anauza mitumba na anajua kila shilingi inatoka wapi.

Watoto walikuwa wakipiga kelele kwa furaha, Shosho tazama, Shosho tazama. Mimi nilikuwa nimeshika simu.

Kuhusu Lamu yenyewe nitasema kidogo. Ni mji wa zamani, umo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka wa 2001, na vichochoro vyake ni vyembamba hata gari halingeweza kuingia. Mizigo inabebwa na punda. Na hapo ndipo mama alitushangaza. Tulifikiri atasimama aduwae, kumbe yeye amefuga punda maisha yake yote, huko kwetu ndio huvuta mkokoteni wa maziwa na wa maji. Asubuhi ya kwanza alimwona kijana akiendesha punda amebebeshwa mawe ya kujengea, na matandiko yamemkwaruza mgongoni. Mama akamsimamisha. Kijana anaongea Kiamu, mama anachanganya Kiswahili na Kikuyu, na bado walielewana. Akamwonyesha namna ya kukunja gunia ili uzito ukae pande mbili usiguse uti wa mgongo. Siku ya pili yule kijana alikuja mlangoni kwetu na punda watatu na marafiki wawili, wakauliza, yule bibi wa punda yuko? Kwa hivyo mwanamke aliyengoja bahari miaka thelathini alitumia nusu ya Ijumaa akikagua migongo ya punda.

Jumamosi tulichukua boti mpaka Shela. Ukipita kijiji unatokea ufuo unaokwenda kilomita kama 12, na nyuma yake vilima vya mchanga. Mwenyeji wetu alituambia vile vilima vinashika maji ya mvua, na visima vinavyonywesha mji wa Lamu vinategemea maji hayo. Hiyo ilimgusa mama kuliko mawimbi, maana mkulima ni mkulima. Mwezi wa nane kusi bado inavuma, bahari ilikuwa na fujo, watoto hatukuwaruhusu wapite magotini. Mama alikaa mchangani na sweta yake na kitambaa chake cha kichwa, hakuvua hata kimoja. Alikuwa anageuza kichwa pole pole, kutoka mkono huu mpaka ule, kwa sababu macho yake hayachukui yote mara moja tena. Inabidi akusanye kipande kwa kipande. Alifanya hivyo muda mrefu. Sikumwuliza anaona nini.

Jumapili saa nne, saa ambayo ningekuwa mlangoni na daftari, tuliimba nyimbo mbili sisi sita, kwa sauti ya chini kwa heshima ya wenyeji wetu Waislamu, na mume wangu akaomba. Hakutaja ahadi. Jumatatu tukaanza kurudi. Kwa bahasha zilikuwa zimebaki shilingi 2,300.

Sasa turudi Mtito Andei, kwa lile swali.

Nilipoanza kusimulia hii habari kwa watu wachache wa karibu, ndugu mmoja alinifariji haraka. Akaniambia nisome Marko 7, pale Bwana anawakemea wale waliomwambia mzazi kwamba kile ningekusaidia nacho nimekiweka wakfu kwa Mungu, ni korbani. Akasema unaona, mama alikuja mbele ya mabati, umefanya vyema, lala usingizi. Nilitamani kulala, lakini nikisoma pale naona Bwana anaongea juu ya mzazi aliyeachwa bila msaada. Mama yangu hakukosa chakula. Dawa yake ya matone tulinunua. Bahari si mkate, na nikisema ni mkate nitakuwa nimechukua neno lililosemwa kwa ajili ya wazazi wenye njaa nikalifanya tiketi ya basi. Sitaki.

Hata hivyo sikubali upande wa pili pia, kwamba ukishamlisha mzazi na kumnunulia dawa umemaliza. Amri inasema tumheshimu baba na mama, na heshima ni neno pana. Mnyama pia tunamlisha na kumnunulia dawa. Kile kinachomtofautisha mama na ng'ombe wake ni kwamba mama alitamani kitu ambacho hakina faida yoyote, akakitamani miaka thelathini, na akanyamaza ili sisi tusome. Hilo nalo ni deni. Haliko kwa daftari lolote, na pengine ndiyo sababu ni rahisi kulisogeza mbele.

Ahadi kwa Bwana siwezi kuilainisha. Kumbukumbu la Torati 23 iko wazi, na Mhubiri wa mlango wa 5 ni mkali zaidi, anaona heri asiyeahidi kuliko anayeahidi akakaa. Nimewapigia simu washirika wengine hapa nikiwakumbusha hayo hayo. Nilimpigia mama mmoja mjane mara tatu mwezi mmoja. Alilipa, akasema aliuza kuku. Nikiwa kule mchangani nilimkumbuka huyo mama na kuku wake, na nadhani swali la mume wangu lilianza kupata jibu lake hapo.

Kuna wale watasema kosa lilikuwa haraka. Ungepanga vizuri, ungeweka bajeti, yule mjenzi wa mnara katika Luka 14 alikaa chini kwanza akahesabu gharama. Nakubali kuhesabu, na wapendwa, nawasihi msije mkachukua mkopo wa simu mkapeleke watoto baharini kwa sababu mmesoma haya. Nimeona nyumba imerudi kutoka likizo na picha nzuri na madeni ya miezi minane, watu hawasemezani. Lakini neno "kupanga" tulichunguze kidogo. Yakobo katika mlango wa 4 anamkemea mtu anayesema kwa uhakika, leo ama kesho tutaenda mji fulani, tutakaa mwaka, tutapata faida. Siku zote nilisoma pale nikifikiri anakemea wanaoondoka ghafla. Hapana. Anakemea wenye uhakika na kesho. Baba yangu, Mungu amlaze pema, alikuwa mtu wa mipango, na kila aliposema mavuno yajayo alikuwa anaandika hundi kwa akaunti ambayo si yake. Wala simlaumu. Nasema tu kwamba mtu anaweza kujivunia kesho kwa kuahirisha, sawa na vile mwingine anajivunia kwa kukurupuka, na sisi tumezoea kumkemea mmoja tu.

Tena, hivi kweli hatujui kusafiri ghafla? Fikirieni mara ya mwisho tulipopata msiba. Simu inalia Jumatatu, Jumanne kikundi kimefunguliwa, Alhamisi kuna basi limekodishwa, Ijumaa usiku tuko barabarani kwenda Kitale ama Siaya, watu wazima wamechukua ruhusa kazini, watoto wametolewa shule, na hakuna aliyeuliza pesa zimetoka wapi. Tunapika kwa sufuria kubwa, tunalala kwa watu, tunaonana na binamu ambao hatujaonana miaka sita, na tunasema ni huzuni tu hutukutanisha siku hizi. Tunasema hivyo kila mara, tunatikisa kichwa, tunarudi nyumbani. Sikatazi. Kuzikana ni upendo. Lakini kwa nini uongo wangu ulipotafuta nguo ya kuvaa pale Mokowe, ulichukua hiyo moja kwa moja? Kwa sababu nilijua kwa matanga sihitaji ruhusa ya mtu. Kumpeleka mama aliyekufa Kinangop ningechangiwa. Kumpeleka mama aliye hai Lamu niliona aibu, nikamwua mtu ambaye hata hayuko ili nipate nafasi.

Na hapo, kwa maoni yangu, ndipo tulipoiba. Safari yenyewe sijutii. Nikirudishwa Jumanne ile, na daktari yule, ningeenda. Mabati pia yangeweza kungoja. Fundi alikuwa bado kwa kuta, na mchungaji ni mtu anayeongeleka. Ningempigia simu Jumatano asubuhi dakika mbili tu, nimwambie mama yangu anapoteza macho, ahadi yetu itachelewa mpaka mwaka mpya, tuombee. Angeweza kusema sawa. Angeweza pia kusema dada, fikiria tena, na hilo ndilo niliogopa. Nilitaka kuwa na bahari na kuwa na jina langu la mwekahazina mwaminifu, vyote viwili, wiki hiyo hiyo. Kwa hivyo nilimwibia dada katibu huruma yake, na shilingi 1,000, na ombi moja ambalo aliomba akidhani kuna kaburi. Nikamwibia yule mjane mwenye kuku pia, maana ningesema ukweli wangu mapema, labda naye angepata ujasiri wa kuniambia mwezi huo hana.

Kuna jambo lingine linanisumbua na sijalimaliza. Katika kanisa letu kuna nyumba ambazo nauli ya Nakuru tu ni hesabu. Wakisoma kwamba mwekahazina alikula elfu 67 na zaidi kwa siku tano, watasemaje? Nilimwuliza mchungaji kama niondoe hiyo sehemu ya pesa, akasema niiache. Musa katika mlango ule ule wa 14, akishawaambia watu wale wafurahi, anawakumbusha wasimwache Mlawi asiye na urithi, na mistari michache mbele anataja mgeni, yatima na mjane. Yaani ile karamu ilikuwa na viti vya watu wengine tangu mwanzo. Yetu haikuwa na kiti hata kimoja. Mfuko wa viazi peke yake ndio ulikwenda kwa mtu mwingine, na huo ulikuwa ni wa mama.

Ahadi tulimaliza kuilipa mwezi wa kwanza mwaka huu, na risiti iko kwa daftari, nambari yake mnaweza kuiona mkitaka. Mume wangu aliuza mbuzi wawili na mimi nikaacha chama kimoja.

Kwa dada katibu nilienda baada ya ile ibada ya mlango wa 14. Nilimkuta ofisini akipanga bahasha. Nikaweka noti ya elfu moja mezani nikamwambia kila kitu, kuanzia kuku wa mama wanaotokea ubavuni mpaka gati ya Mokowe. Alinisikiliza bila kuinua macho. Nikamaliza, nikamwuliza swali ambalo sikuwa nimepanga kuuliza. Nikasema, dada, kama siku ile ningekuambia ukweli, kwamba tunampeleka mama kuona bahari, ungenitumia hii elfu moja?

Alifikiria. Ninampenda kwa sababu alifikiria kweli, hakukimbilia jibu la kanisa.

"Kusema ukweli," akasema, "hapana. Singetuma."

Tukakaa hapo. Nje vijana wa sifa walikuwa wanajaribu kinanda, wanarudia mahali pamoja tu. Baada ya muda akachukua ile noti, akaikunjua akaitazama pande zote mbili kama mtu wa benki, akaitia mfukoni. Halafu akaniuliza kama mama aliogopa maji.

Nikamweleza habari ya punda, akacheka mpaka akashika meza.